Rimoti Kabla ya Ndege

Leo nina neno na wewe uliyejipatia ndege yako ya kwanza ya kurusha kwa rimoti, au unayedunduliza ili uipate. Sisemi droni zile za panga nne, ambazo nyingi hujisawazisha zenyewe ukiziachia. Nasema ndege hasa: bawa, mkia, propela puani, na mtu mmoja aliyesimama chini na rimoti mikononi. Ndege ya namna hii haisimami hewani ikusubiri ufikiri. Ikishaondoka mkononi, sekunde chache zinatosha kuonyesha kama iliandaliwa au haikuandaliwa.

Neno langu ni hili: ndege ya mwanafunzi hupona au hupotea nyumbani, siku rimoti inapowekwa sawa. Watu hutumia siku nyingi kugundisha bawa na kubandika stika, halafu rimoti wanaipa robo saa, tena usiku wa kuamkia siku ya kurusha. Naomba tugeuze mpango huo. Na ndani ya kazi hiyo ya rimoti kuna kanuni ninayoishikilia kwa nguvu: linalowezekana kunyooshwa kwa bisibisi kwenye ndege lisinyooshwe kwa menyu ya rimoti. Menyu ije mwisho. Sababu nitazieleza.

Kabla ya lolote, ng'oa propela. Hata kama unataka kujaribu jambo dogo tu, hata kama betri iko karibu kuisha. Injini ya mafuta lazima uiwashe kwanza, nayo hupiga kelele ukajua iko hai. Mota ya umeme imekaa kimya, kisha ghafla inazunguka kwa nguvu zote. Fikiria chaneli ya mota imegeuzwa kwenye rimoti nawe hujui. Kijiti kiko chini, mota haiitiki. Unakiinua mpaka juu kuona kuna nini, bado kimya. Unakirudisha chini, na hiyo kushusha yako mota inaielewa kuwa ni amri ya kwenda mbio mpaka mwisho, na wewe umeinama juu yake. Watu wamechanika vidole kwa njia hiyo, tena wengine ni wazoefu. Propela ikae droo mpaka kazi ya mezani iishe.

Sasa tuzungumze rimoti yenyewe. Tuchukue mfano wa rimoti moja inayofahamika sana kwa wanaoanza kwa sababu ya bei yake, FlySky FS-i6. Ina chaneli sita, inatumia betri nne ndogo za kawaida, na inahifadhi kumbukumbu za ndege 20. Ndege ya kujifunzia inahitaji chaneli nne: aileroni, ambavyo ni vibao vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege upande, eleveta, kibao cha mlalo mkiani kinachoinua na kushusha pua, mota, na usukani wa mkia. Kijiti cha mota nitakiita kijiti cha mafuta, ndivyo ilivyozoeleka, ijapokuwa ndege inakula betri.

Swali la kwanza dukani liwe ni la mpangilio wa vijiti. Kuna unaoitwa mpangilio wa pili, yaani mafuta na usukani wa mkia mkono wa kushoto, eleveta na aileroni mkono wa kulia. Huo ndio uliozagaa Marekani na Uingereza. Na kuna unaoitwa mpangilio wa kwanza, ambao mafuta yako kulia na eleveta iko kushoto; huo una wenyewe wengi Japani. Mipangilio yote miwili inarusha ndege vizuri. Kilicho muhimu ni kuchukua ule anaotumia mtu atakayekufundisha, kwa sababu siku ndege yako inayumba atapokonya rimoti mkononi mwako, na vidole vyake lazima vikute vijiti pale vilipozoea kuvikuta.

Baada ya hapo unaoanisha rimoti na kipokezi, kile kiboksi kidogo kinachokaa ndani ya ndege. Vijana wa leo wanaona kuoanisha ni jambo la kawaida kwa sababu wamelizoea kwenye simu, lakini jambo hilo limeokoa ndege nyingi mno. Mwaka 1937 huko Kalamazoo, jimbo la Michigan, Marekani, ndugu mapacha Walter na William Good walirusha kwa redio ndege waliyoiita Guff, ambayo sasa imehifadhiwa na makumbusho ya Smithsonian. Kwa miongo mingi baada yao adui wa mrushaji alikuwa mrushaji mwenzake. Marekani walitumia masafa ya megahezi 72, Uingereza 35, na kila rimoti ilikuwa na kipande cha kristali kilichoifunga kwenye chaneli moja. Uwanjani palikuwa na ubao wenye vibanio. Unataka kuwasha rimoti? Chukua kibanio cha chaneli yako. Hakipo? Basi kuna mtu angani, subiri. Aliyepuuza akawasha, ndege ya mwenzake iliyokuwa juu ilipoteza mwenyewe papo hapo. Rimoti za gigahezi 2.4, zilizoenea kuanzia katikati ya miaka ya 2000, zilifuta hofu hiyo: kipokezi kinaijua namba ya siri ya rimoti yake na hakimsikilizi mwingine.

Kwenye FS-i6 unachomeka kijiwaya maalumu cha kuoanishia, unakipa kipokezi umeme, taa yake inaanza kumweka haraka, kisha unawasha rimoti huku umeshikilia kitufe cha kuoanisha. Ukimaliza, zima vyote, toa kile kijiwaya, washa upya uone taa imetulia. Waya za servo, vile vimota vidogo vinavyosukuma vibao, zina rangi tatu: ya kahawia au nyeusi ni hasi, nyekundu ya katikati ni chanya, na ya machungwa, njano au nyeupe ndiyo ya amri. Na usikisie mpangilio wa chaneli. Kwa FlySky, ya kwanza ni aileroni, ya pili eleveta, ya tatu mafuta, ya nne usukani. Kwa rimoti za Spektrum, mafuta ndiyo ya kwanza na mengine yanafuata. Ukichomeka kwa mazoea ya rimoti nyingine, utavuta eleveta mota ikaitika.

Fungua kumbukumbu mpya kwa ajili ya ndege hii, ipe jina lake, chagua aina ya ndege ya mabawa. Na kwenye FS-i6 kuna jambo linalowasumbua wengi: ukibadilisha kitu kwenye menyu, huhifadhi kwa kugusa kitufe cha CANCEL, unahifadhi kwa kukibonyeza na kukishikilia. Ukikigusa tu ukatoka, mabadiliko yote yamepotea, na rimoti haikuambii. Kila unapohifadhi, rudi uangalie.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kanuni yangu ya bisibisi. Washa rimoti, washa ndege, trimu zote, vile vitufe vidogo vya kando ya vijiti, ziwe katikati, marekebisho mengine yote ya katikati yawe sifuri. Servo zitajiweka katikati yake zenyewe. Sasa tazama mkono wa servo, kile kijipande cha plastiki chenye matundu. Je, umesimama pembe mraba na waya wa kusukuma kibao? Mara nyingi umeinama. Fungua skrubu yake ndogo, unyanyue utoke kwenye meno, uusogeze jino moja au mawili, uurudishe. Ukishasimama wima, nenda mwisho wa waya, kwenye klevisi, ule mshikio mdogo unaouma pembe ya kibao. Uzungushe ndani au nje, nusu mzunguko nusu mzunguko, mpaka kibao kilingane kabisa na bawa au mkia. Tumia rula, usitegemee jicho. Ni pale tu jino moja limekuwa kubwa mno na nusu mzunguko umezidi ndipo uende kwenye menyu kumalizia tofauti iliyobaki.

Utauliza, kwa nini nihangaike wakati menyu inafanya hayo kwa kubonyeza? Servo inapokea mpigo wa umeme karibu mara 50 kila sekunde. Mpigo wa maikrosekunde 1500 maana yake ni simama katikati. 1000 ni nenda mwisho wa upande mmoja, 2000 mwisho wa upande wa pili. Ukiinyoosha eleveta iliyopinda kwa kuihamisha katikati mpaka 1700, upande mmoja umebakiwa na nafasi ya 300 na mwingine 700. Ndege itapanda kwa ukarimu na kushuka kwa ubahili, au kinyume chake, na wewe ukiwa chini utadhani umekosea kuvuta kijiti. Mkono uliopinda una ubaya huohuo, kwa kuwa unasukuma zaidi upande mmoja. Ndiyo maana nasema bisibisi kwanza.

Ni vivyo hivyo kwa ukubwa wa mwendo wa vibao. Kitabu cha ndege kinakuambia eleveta ipande na kushuka milimita ngapi. Mwendo ukizidi, wengi hukimbilia menyu na kukata mwendo wa servo hadi chini ya nusu. Servo inabaki kutumia kipande kidogo tu cha uwezo wake. Badala yake hamisha waya kwenye tundu la ndani zaidi la mkono wa servo, au tundu la nje zaidi la pembe ya kibao. Mwendo unapungua, nguvu inaongezeka, na kibao kinakuwa kitiifu zaidi. Kazi ya dakika kumi.

Msikilizaji, ukisahau yote niliyosema, hili usilisahau. Ni mwelekeo wa vibao. Simama nyuma ya mkia, ndege na wewe mkitazama upande mmoja. Laza kijiti cha aileroni kulia. Aileroni ya bawa la kulia lazima ipande, ya kushoto ishuke. Wanaoanza wengi huona imekosewa, kwa sababu akili inawaambia bawa linalotakiwa kushuka liwe na kibao kinachoshuka. Hewa haifanyi kazi hivyo. Kibao kilichopanda kinapunguza unyanyuzi wa upande ule, bawa linazama, ndege inalala kulia. Kuna njia rahisi ya kukumbuka: shika kijiti kwa ngumi, dole gumba likiwa limesimama. Ukilaza mkono upande wowote, dole gumba linaelekea kwenye aileroni iliyopanda. Ikiwa linaelekea iliyoshuka, ingia kwenye menyu ya kugeuza, ugeuze chaneli hiyo, uhifadhi kwa kushikilia kitufe. Hapo ndipo menyu inapostahili kazi.

Eleveta: vuta kijiti kuja tumboni mwako, kibao kinainuka. Usukani wa mkia: kijiti kulia, kibao kinaenda kulia. Tazama kibao chenyewe, usiitazame servo. Na usitosheke kwa kuona kwamba vinacheza. Ninayoyaona viwanjani yananiuma: kijana anazungusha vijiti vyote kwa mpigo, vibao vinachezacheza, anasema iko sawa, anarusha. Ndege yenye aileroni zilizogeuzwa inalala kidogo kushoto baada ya kuondoka, mrushaji anaisahihisha kulia, inazidi kulala kushoto, anasahihisha zaidi. Mpaka akili ielewe kilichotokea, pua iko ardhini. Na hakuna uhodari wa mkono unaotibu hilo. Kwa hiyo kila chaneli peke yake, kwa kuitamka kwa sauti: kulia, kushoto, juu, chini.

Ekspo sitakaa nayo sana. Inalainisha vijiti karibu na katikati ili mtetemo wa mkono wa mgeni usiitikise ndege. Asilimia 20 hadi 30 inamfaa anayeanza. Angalizo ni moja: kwa rimoti za Futaba unalainisha kwa namba ya hasi, kwa Spektrum kwa namba ya chanya, na ukikosea alama umeifanya ndege kuwa kali badala ya mpole. Iangalie grafu kwenye kioo cha rimoti: mstari ulalie katikati, usisimame.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalitaji: ndege ifanye nini ikipoteza mawasiliano? Betri ya rimoti inaweza kuisha, antena inaweza kukatika, mti unaweza kukaa kati yenu. Vipo vipokezi ambavyo visipoelekezwa hushikilia amri ya mwisho. Kama amri ya mwisho ilikuwa mafuta robo tatu na vibao sawa, ndege itaendelea na safari kuelekea barabara, shule au soko, mpaka betri iishe au ikutane na kitu. Ingia kwenye menyu inayohusika, uamuru kwamba mawasiliano yakikatika mota izime. Wengine huongeza usukani ukunjwe kidogo ili ndege ishuke kwa kuzunguka hapohapo. Mimi naona hiyo ni busara kwa ndege nyepesi ya stairofomu. Kisha usiamini maandishi ya kwenye kioo. Propela ikiwa bado droo, mtu akiwa ameishika ndege, peleka mafuta nusu, mota izunguke, halafu izime rimoti. Mota ikinyamaza, umefaulu. Isiponyamaza, ndege hiyo haitoki nyumbani.

Tuje kwenye antena. Kwa gigahezi 2.4 urefu wa wimbi ni kama sentimita 12.5, na sehemu ya antena ya kipokezi inayofanya kazi hasa ni ile ncha iliyovuliwa ganda, yapata milimita 31, robo ya wimbi. Kama kipokezi chako kina antena mbili, zipige pembe mraba, moja ya mlalo na moja ya wima, ili ndege ikilala upande mmoja nyingine isikie. Zikae mbali na betri na mbali na vyuma na nyuzi za kaboni. Antena ya rimoti hutupa mawimbi kwa ubavu wake, na kwenye ncha karibu hakuna kitu. Kwa hiyo usiielekeze ncha kwenye ndege kama unanyooshea kidole. Ikunje ilale upande.

Zipo rimoti zenye kitufe cha kupunguza nguvu kwa ajili ya kupima umbali. Mwenzako ashike ndege ikiwa juu ya kiuno, wewe utembee hatua 30 ukiwa umeshikilia kitufe hicho, huku ukichezesha vijiti. Kila kibao kiitike bila kusita. Kisha rudieni mota ikizunguka, safari hii propela ikiwa imefungwa na mtu huyo akiwa nyuma yake kabisa, kwa sababu mota na kidhibiti chake vinaweza kuleta vurugu ya umeme ambayo haionekani vikiwa vimezima.

Kabla ya kwenda uwanjani kuna shule nyingine ambayo haivunji kitu. FS-i6 ina tundu nyuma. Kwa waya wake maalumu unaichomeka kwenye kompyuta na kurusha ndege ya kwenye kioo, hata kwa programu isiyo ya malipo kama PicaSim. Wengine wanaudharau huo kuwa ni mchezo wa watoto. Mimi nakusihi usiudharau, kwa sababu ndege inapokuja kukuelekea kulia kwake ni kushoto kwako, na hakuna maelezo ya redioni yatakayofundisha mikono yako hilo. Kinachosaidia ni kupeleka kijiti upande wa bawa lililoshuka, kana kwamba unaliegemeza lisianguke. Fanya hivyo kwenye kioo mpaka mkono uache kuuliza.

Kuhusu uwanja, nenda ulipo wazi, mbali na watu, nyaya za umeme na viwanja vya ndege kubwa. Na uliza mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako kabla, iwe KCAA kwa walio Kenya au TCAA kwa walio Tanzania, wakuambie taratibu za vyombo visivyo na rubani ndani. Wapo watu waliopokonywa vyombo vyao kwa kutouliza.

Siku ikifika, rimoti inawashwa kwanza, kijiti cha mafuta kikiwa chini, ndipo betri ya ndege inachomekwa. Soma jina la ndege kwenye kioo. Kati ya kumbukumbu 20 ni rahisi kuwa umewasha ya jirani yake. Rudia kulia, kushoto, juu, chini, kila mruko, si wa kwanza tu. Weka saa ya rimoti ipige kelele mapema, dakika tano ni mwanzo mzuri, ili utue betri ikiwa bado ina nguvu ya kukuruhusu kukosea mara moja na kuzunguka tena. Ukishatua, betri ya ndege inachomolewa kwanza, rimoti inazimwa mwisho.

Na kabla hujaizima, tazama trimu. Angani utakuwa umezisogeza ili ndege iende sawa bila kushikwa. Ikiwa ya eleveta imesogea alama nyingi, usiiache hivyo mpaka safari nyingine. Pima kwa rula kibao kimekaa wapi, rudisha trimu katikati, uzungushe klevisi mpaka kibao kirudi kwenye kipimo kilekile, halafu urushe tena.